Ringi mpya, moshi ule ule: fundi anajibu maswali yenu ya injini za pikipiki

SWALI: Shikamoo fundi, mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila ndo mara ya kwanza kuandika. Nna pikipiki ya zamani, cc 125, silinda moja, stroki nne, inapozwa na upepo, aliniachia mjomba na siwezi kuiuza hata iweje. Ilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili, kila wiki naongeza karibu robo lita. Nikampelekea fundi, akafungua juu akabadilisha ringi tu, akapitisha msasa kidogo ndani ya slivu, akafunga. Wiki mbili ikawa safi kabisa nikafurahi, wiki ya tatu moshi huo umerudi na naona ni mzito kuliko wa mwanzo. Fundi anasema ringi zilikua feki, ninunue zingine. Rafiki yangu anasema ninunue bloki nzima na pistoni yake. Mwingine anasema hizo ni sili za vavu wala sio ringi. Nishike la nani? Na je naweza kufanya mwenyewe? Spana ninazo na mkono mwepesi ninao.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitunza ya mjomba. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja na sijakiona: hakuna mahali umesema mtu amepima. Fundi kabadilisha, rafiki kakisia, mwingine naye kakisia, na wote watatu wanaweza kuwa sahihi au wote wakawa wamekosea, maana injini ya zamani haifunguki kwa kubahatisha. Usinunue kitu chochote leo. Kwanza tupime.

Tuanze kabla hujashika spana. Angalia moshi unatoka saa ngapi. Ukiwasha asubuhi unatoka bumba moja zito halafu unapungua, au ukishuka mlima umefunga gesi alafu ukifungua tu linatoka wingu, hapo mashaka yako juu kwenye sili za vavu (vile vipira vya kuzuia oili kwenye shina la vavu) na gaidi zake (bomba ambamo shina linapita), kwasababu oili inanyonywa kupitia shina la vavu. Lakini kama moshi unatoka muda wote injini ikibeba mzigo, ukipanda kilima ndo unazidi, basi shida iko kwenye ringi (zile pete za pistoni) na slivu (ukuta wa ndani wa silinda). Kama unayo geji ya kompresheni pima injini ikiwa ya moto, gesi umefungua yote, piga kiki mpaka mshale usimame, andika namba. Halafu tia oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, piga tena. Namba ikipanda sana, ile oili imeziba pengo la ringi kwa muda, kwahiyo ringi au slivu zimeisha. Namba ikiwa ya chini na isibadilike, vavu hazikai vizuri au gasketi ya hedi (kichwa cha juu cha silinda) inavuja. Jaribio hili ni la dakika kumi na linaokoa pesa nyingi.

Sasa kwa maelezo yako, ringi mpya zimekaa wiki mbili tu, mimi naelekea kwenye slivu. Nikueleze kwanini, maana hapa ndo penye kiini cha barua yako.

Slivu haliliki sawasawa. Pale juu, pistoni inapofika mwisho na kugeuka, ringi ya kwanza inasimama kwa nukta moja, joto ni kali, oili ni nyembamba, presha ya mlipuko inaisukuma ringi ikandamize ukuta, kwahiyo hapo ndo panaliwa kuliko kote. Chini kabisa ringi hazifiki, pamebaki saizi ile ile ya kiwandani. Ukitoa hedi, pitisha ukucha kuanzia katikati ya slivu kwenda juu taratibu. Ukigonga kingo, kama kijingazi kidogo karibu na mdomo, ujue hicho ni chuma ambacho ringi haijawahi kukigusa, na chini yake ni shimo ambalo ringi imechimba miaka yote. Ringi mpya ukiiweka humo inafika juu na ukingo wake mkali, inagonga kijingazi, inaweza kuvunjika hapo hapo. Na hata isipovunjika, slivu lenyewe sio duara tena, limekua kama yai, kwasababu pistoni inasukumwa zaidi upande wa mbele na nyuma kuliko kushoto na kulia. Ringi ni duara. Duara ndani ya yai, oili inapita.

Huna geji ya kupimia ndani ya silinda? Wengi hatuna. Ila ringi mpya moja na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) zinatosha kukupa picha, na hii naomba uifanye kwa mikono yako mwenyewe. Chukua ringi ya juu, ibane kidogo uiingize ndani ya slivu bila pistoni, alafu isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa isilale upande. Ipeleke mpaka chini kabisa, sehemu ambayo ringi hazifiki, angalia lile pengo la ncha zake mbili, pima kwa fila geji. Tuseme limekuja 0.25 mm. Sasa ivute mpaka juu, chini kidogo ya kijingazi, iweke sawa tena kwa pistoni, pima. Tuseme limekuja 0.60. Tofauti ni 0.35. Gawa kwa 3.14, unapata 0.11 mm, na hicho ndicho slivu lilichoongezeka upana kwa wastani. Ni hesabu ya duara tu, mzunguko ni kipenyo mara pai, kipenyo kikiongezeka kidogo pengo linafunguka mara tatu na zaidi, ndo maana fila geji inaona kitu ambacho jicho halikioni.

Kwa injini nyingi ndogo za aina yako, pengo la ringi mpya linatakiwa liwe kati ya 0.15 na 0.35 hivi, na likifika 0.5 umevuka mpaka. Nafasi kati ya pistoni na slivu ikiwa mpya huwa kama 0.01 mpaka 0.04, ikifika 0.10 kwisha. Lakini tafuta kitabu cha pikipiki yako mwenyewe, namba zake ndo za kufuata, hizi nakupa upate mwanga. Na pistoni ukiipima kwa maikromita usipime juu wala upande wa pini, pima kwenye sketi, karibu sentimita moja kutoka chini, ukielekea pembe mraba na pini, maana pistoni nayo imetengenezwa kwa makusudi isiwe duara kamili, ikipata joto ndo inatanuka inakaa sawa.

Sasa ukishapata jibu. Kama slivu halijaliwa, sawa, ringi tu zinatosha na hapo nitakubaliana na fundi wako kwamba ringi zile hazikua nzuri. Kama limeliwa, una njia mbili, kuchonga slivu hilo hilo saizi ya juu, ama kununua bloki na pistoni mpya. Mimi kwa pikipiki ya zamani napenda kuchonga, maana chuma cha bloki la zamani mara nyingi ni kizuri na kimeshatulia, alafu bloki nyingi za bei rahisi za siku hizi nimezipima nikazikuta hazina hata uduara. Pistoni za ovasaizi zinakuja kwa hatua, 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, utaona namba imepigwa kichwani. Chagua hatua ndogo kabisa inayofuta ule ulaji wote, ili siku nyingine ubaki na nafasi ya kuchonga tena.

Na hapa tafadhali sana: nunua pistoni KWANZA, mpelekee fundi mashine pamoja na bloki. Asichonge kwa kufuata namba ya 0.50 halafu ndo mtafute pistoni. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 zinaweza kutofautiana kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachoamua kama injini itashika (pistoni ikwame kwenye slivu) au itagonga. Mwambie apime pistoni uliyomletea, aongeze nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu, achonge hapo, alafu amalizie kwa honi (mawe ya kusugulia slivu) ili ukuta ubaki na mistari ya kukatana, ile mistari ndo inashika oili na ndo inayozisaga ringi zikae.

Fundi wako alipitisha msasa. Hapo ndo roho inaniuma. Msasa unaacha punje ngumu ndani ya vile vimistari, na punje hizo petroli haizitoi, petroli inatoa mafuta tu, punje zinabaki zimekaa pale pale zikisubiri pistoni. Najua kwa sababu mwaka wa kwanza nimeshika spana niliosha bloki la mteja kwa petroli likang'aa, nikalipuliza kwa hewa, nikafunga kwa imani. Lilirudi kabla ya mwezi. Nilipolifungua ringi zilikua zimeliwa zimekua kali kama wembe, na oili ilikua ya kijivu. Nilimlipia mteja kila kitu tena, na tangu siku hiyo naosha bloki namna moja tu: maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, brashi laini, nasugua mpaka povu libaki jeupe, nasuuza kwa maji ya moto, nakausha haraka, alafu nachukua kitambaa cheupe chenye oili kidogo napitisha ndani. Kikitoka na kijivu, narudia. Naweza kurudia mara nne, mara tano. Kikitoka cheupe ndo nimemaliza, na hapo hapo nalipaka slivu oili maana chuma kitupu kilichooshwa kinaanza kutu mbele ya macho yako.

Ukiwa umefungua, kabla hujatumia hela yoyote kwa juu, shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) pistoni ikiwa imetoka, ipandishe krenki mpaka rodi iwe juu kabisa, ivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza kushoto na kulia kidogo sio neno, ndivyo ilivyo. Ikicheza juu chini hata kidogo ukasikia tik, tik, biringi ya chini imekwisha, na ukifunga pistoni mpya juu yake unaharakisha kifo chake tu, hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima. Bora ujue sasa.

Hedi nayo isiachwe. Toa vavu, kila moja na springi yake na kola zake weka kwenye kopo lake, usichanganye. Shina la vavu lisiwe na tumbo mahali lilipolika, na likiwa ndani ya gaidi lisiyumbe sana. Badilisha sili, hizo hazina mjadala, hata kama zinaonekana nzima, mpira ukishazeeka umekua plastiki. Kisha saga vavu, unga wa kusagia upake mwembamba sana, zungusha nusu kwenda nusu kurudi huku unainua inua, usizungushe kama unatoboa. Ukiifuta unataka uone pete ya kijivu isiyokatika pande zote, upana wa mm 1 mpaka 1.5 hivi. Ikiwa pana kama mm 2 au zaidi kusaga hakutasaidia, kiti chake kinatakiwa kukatwa upya. Osha unga wote, narudia, WOTE, funga springi, ule upande uliosongamana mizunguko ukae chini kwenye hedi, geuza hedi, mimina petroli kwenye mlango wa kuingizia hewa na ule wa ekzosi, subiri dakika kadhaa. Ikilowa kwenye chumba cha mlipuko, rudi kusaga. Na uso wa hedi uweke rula ya chuma iliyonyooka pande zote na mshazari, fila geji ya 0.05 ikipita chini yake hedi imepinda, inatakiwa kusawazishwa.

Kufunga. Unaweza kufanya mwenyewe, ndio, ukienda taratibu. Ziba mdomo wa krenkesi (nyumba ya krenki) kwa kitambaa safi kabla hujagusa kilipu za pini ya pistoni, kilipu inaruka, ikiingia ndani ya injini utalia. Tumia kilipu mpya kila mara, na uwazi wake usiuelekeze kwenye kile kijishimo cha kutolea. Alama ya kichwani mwa pistoni, kama ni IN inaangalia upande wa kabureta, kama ni mshale mara nyingi unaangalia ekzosi. Ringi zina herufi ndogo karibu na ncha, R au T au N, hiyo inaangalia juu, na ringi ya pili ukiigeuza itakua inapandisha oili badala ya kuikwangua kwenda chini, moshi mwanzo mwisho na utalaumu ringi bure. Mapengo yasikae mstari mmoja, yaachanishe theluthi theluthi ya duara.

Hukuniambia injini yako ni ya cheni ya taimingi (cheni inayozungusha kamshafti juu kwenye hedi) au ya pushi rodi (vijiti vinavyosukuma kutoka chini). Kama ni ya pushi rodi kama ile Honda CG125 iliyotoka 1976, hakikisha kila rodi imekaa kwenye kikombe chake huko chini kabla hujakaza roka (mikono midogo inayosukuma vavu), maana ikikaa pembeni ukakaza, inapinda au inavunja. Kama ni ya cheni, alama ya T kwenye magineti (gurudumu la sumaku mwishoni mwa krenki) iwe sawa na mstari wa kava, na alama za sproketi ya kamshafti zilale sambamba na uso wa hedi kama kitabu kinavyoonesha, cheni usiiache ianguke chini. Nati za hedi kaza kwa mshazari, sio kwa kuzunguka, kwa hatua mbili au tatu, na toki renchi. Bolti ya mm 6 kwa kawaida inataka kama Nm 10, ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ndo zinazokatwa sana.

Ukimaliza, kabla ya plagi, izungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigonga kitu kigumu SIMAMA. Usisukume. Vavu inagusa pistoni, rudi kwenye taimingi. Mkono wako unaisimamisha kabla haijaharibu, kiki haisimami.

Kuwasha mara ya kwanza, oili ya kawaida ya madini ya namba ya kitabu, sio sinthetiki. Iache ipate joto dakika chache, izime, ipoe kabisa mpaka uguse mapezi bila kusikia joto, kaza nati za hedi tena kama kitabu kinaruhusu, angalia tapeti (ile nafasi ndogo kati ya roka na vavu). Usiiache ikinguruma imesimama (silensi) nusu saa ukidhani unaipumzisha, ringi zinahitaji presha ya mlipuko nyuma yake ili zikandamize ukuta na kusagana nao, sasa ukiipeleka taratibu sana muda wote zinang'arisha ukuta tu na oili itapita milele. Iendeshe, fungua gesi kiasi, funga, fungua, badilisha badilisha mwendo, usiifungulie mpaka mwisho wala usiipandishe mlima na mzigo. Mwaga oili ya kwanza mapema, kilomita 50 mpaka 100, utaona vumbi la chuma linameta, hilo lilitakiwa litoke. Mwaga tena kwenye 500.

Na la mwisho kwako, slivu lile liliisha kwa sababu. Angalia filta ya hewa, na ule mpira kati ya filta na kabureta, ukunje kunje uone kama umepasuka. Vumbi linalopita hapo ni msasa mwingine. Na injini hizi ndogo zinabeba oili kama lita moja tu, robo ikikauka bila wewe kujua, iliyobaki inachemka. Kijiti cha oili kiangalie kila asubuhi kabla ya kutoka, hata ukishamaliza kazi yote hii.

SWALI: Fundi nimefungua hedi nikasaga vavu nikarudisha, pikipiki inawaka vizuri ila juu inalia ta-ta-ta-ta kama cherehani. Nimeseti tapeti mara tatu, injini ikiwa ya moto ili iwe halisi, nikabana mpaka mlio ukaisha, sasa haiwaki asubuhi. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea kwenye "nikabana mpaka mlio ukaisha", kaka, na usiendeshe hivyo hata siku moja zaidi. Tapeti inasetiwa injini ikiwa baridi, chini ya nyuzi 35, imelala usiku kucha ndo vizuri. Vavu ikipata joto inarefuka, kwahiyo ile nafasi ndogo ni ya kuirefukia. Ukiimaliza, vavu haikai kwenye kiti chake, kompresheni inatoroka, ndo maana asubuhi haiwaki. Tena vavu ya ekzosi inatoa joto lake kwa kugusa kiti, isipogusa inaungua ukingo, inaliwa kipande kama mtu kaing'ata. Mlio mdogo wa tapeti sio ugonjwa.

Zungusha magineti mpaka alama ya T, halafu shika roka zote mbili uzitikise. Alama hiyo inapita mara mbili, mara moja injini ikiwa inabana hewa na mara nyingine ikiwa inabadilishana hewa ya zamani na mpya, na ukiseti kwenye hii ya pili namba zote ni za uongo. Zote mbili zikicheza uko sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha raundi moja zaidi. Weka fila geji ya saizi ya kitabu chako, CG125 kwa mfano ni 0.08 zote mbili, inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo kama unavuta karatasi chini ya kitabu, kaza nati ya kufungia huku umeshika skrubu isizunguke, ALAFU upime tena kwasababu kukaza kunaibadilisha. Ukifanya haya na bado inalia sana, na injini yako ni ya cheni, angalia tensha ya cheni (kile kikaza cheni) kama uliiachia baada ya kufunga. Wengi wanasahau ikiwa imefungwa.

SWALI: Mimi ya kwangu ni stroki mbili, Yamaha RX100. Nimechonga bloki, pistoni mpya 0.50, kilomita 20 tu ikashika katikati ya barabara. Fundi mashine anasema kosa ni la kwangu, mimi nasema lake.

JIBU: Pistoni yenyewe ndo shahidi, itoe uisome. Michubuko ikiwa sehemu nne, kama pembe nne za sketi, nafasi ilikua ndogo au uliikimbiza kabla haijapata joto sawa, pistoni ya aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya slivu la chuma, ikatangulia kunenepa. Hapo mpime wote wawili na fundi mashine mbele ya maikromita. Michubuko ikiwa upande wa ekzosi peke yake, ilichemka, mara nyingi kwa kukosa petroli ya kutosha, jeti (kitundu cha petroli kwenye kabureta) ndogo au hewa ya wizi inaingia kwenye gasketi ya chini au sili za krenki. Ikiwa upande wa kabureta, ilikosa oili.

Hewa ya wizi unaipata hivi, ziba ekzosi na mlango wa kabureta, pampu hewa kidogo kabisa, isifike nusu baa, paka maji ya sabuni kwenye kila maungio. Povu linakua mahali fulani.

Pia angalia milango ya bloki (yale matundu ya ukutani mwa silinda). Baada ya kuchonga, kingo za ile milango zinabaki kali kama kisu na lazima zivunjwe kwa tupa ndogo na jiwe, mlalo mdogo tu, zisishike ringi zinapopita. Hiyo ni kazi ya aliyechonga, na akiisahau inakula ringi hata nafasi ikiwa sahihi. Na wewe wakati wa kuingiza, ncha za ringi zikae kwenye zile pini za kwenye pistoni, na usiizungushe bloki ikiwa inashuka hata kwa bahati mbaya.

SWALI: Fundi pole na kazi. Mimi ni dada ninayejifunza ufundi, na nilikua nakaza hedi ya pikipiki ya baba, stadi moja ikaanza kuzunguka bila kukaza, nikaivuta ikatoka na uzi wa aluminiamu umejikunja kama springi. Niliogopa kumwambia. Kuna mtu kaniambia niijaze gundi ya chuma niirudishe. Ni sawa?

JIBU: Pole sana dada, na mwambie baba, uzi wa aluminiamu wa miaka mingi unachoka na hautoki kwa mkono wako peke yake, umetoka kwa wote waliokaza kabla yako. Gundi hapana. Stadi ya hedi (bolti isiyo na kichwa) inavutwa na kila mlipuko na joto juu yake, gundi itaachia na gasketi itaungua.

Dawa yake ni helikoili, ule uzi wa chuma unaoingizwa kama springi ndani ya tundu lililopanuliwa, na ukiwekwa vizuri unakua imara kuliko aluminiamu ya mwanzo. Seti yake inakuja na drili yake, tepu yake (ya kukatia uzi) na kifaa cha kuingizia, hakikisha ni ya saizi na hatua ya uzi wa stadi yako, kwa mfano mm 8 hatua 1.25. Toa bloki kwanza, ziba krenkesi yote kwa vitambaa, drili uipake grisi ili ishike vumbi la kuchonga lisiruke ndani. Kugumu ni kutoboa wima. Drili ya mkononi inalala bila wewe kujua na stadi iliyolala itakukatalia bloki lisishuke, kwahiyo kama unaweza kupata drili ya kusimama ipeleke huko, au tumia kipande cha chuma chenye tundu kilichofungwa kwenye stadi za jirani kikuongoze. Piga tepu nusu raundi mbele robo nyuma, safisha, ingiza koili mpaka iwe chini ya uso kama nusu uzi hivi, kisha vunja ule mkia wake na UHESABU kwamba umeutoa, usibaki ndani. Stadi irudishe kwa nati mbili zilizofungana juu yake, ifike mwisho kwa mkono na kuminywa kidogo tu.

Na zile stadi nyingine tatu zijaribu sasa hivi, kabla hujarudisha bloki, moja ikianza kulegea ifanyie hivyo hivyo wakati injini iko wazi.